Mkono wa Kushoto wa Seremala

Karakana ya Milango na Madirisha
3 Agosti

Kwa Mwalimu wa Taaluma,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Kwanza nakuomba usinicheke mwandiko. Najua unafanana na kuku aliyekanyaga wino, lakini ndio huohuo nilio nao kwa sasa.

Mimi ni baba wa binti mmoja wa mwaka wa mwisho hapo shuleni, yule mrefu anayekaa bwenini, anayependa kuchora nyumba. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, akalelewa na dada yangu. Mimi ni seremala, nilikuja huku mbali kutafuta riziki. Nimenyamaza zaidi ya mwaka, na aibu ninayo, sina haja ya kuongezewa. Simu ilipotea, na namba ya dada ikapotea nayo.

Rafiki yangu, dereva wa lori la mbao, alipita mji wenu mwezi uliopita. Akasikia kwamba mna darasa la Jumamosi la kuwaandaa watoto kwa mtihani wa kuingia chuo cha usanifu wa majengo, na kwamba mtoto asiyepita hapo anakwenda kwenye mtihani kujaribu bahati tu. Je, wangu yumo? Kama hayumo, kinatakiwa nini? Nina akiba ndogo, na kama haitoshi nitakuja kuwatengenezea madawati shule nzima mpaka deni liishe.

Mfikishie salamu zangu. Mwambie baba hajambo.

Wako,
Seremala


Ofisi ya Taaluma
15 Agosti

Ndugu,

Barua yako imenifikia. Nitasema wazi kwa sababu sina muda.

Baba wa mwanafunzi unayemtaja ni marehemu. Imeandikwa hivyo kwenye fomu yake, na mlezi wake ametia sahihi. Tena ninayo karatasi ya usajili aliyoijaza baba huyo kwa mkono wake: mwandiko safi, herufi zimelala kulia zote kwa pamoja. Wako na ule haina undugu.

Wala si wewe wa kwanza. Tangu watu wajue kuna mfadhili anayelipia Darasa la Jumamosi, wameshanijia wajomba watatu, na babu mmoja ambaye hakujua kama mjukuu wake ni wa kike au wa kiume. Fedha ya mfadhili haipiti mkononi mwa ndugu yeyote. Inalipa walimu wa ziada, karatasi za kuchorea na ada ya mtihani, basi. Kwa hiyo hapa hakuna cha kuchuma.

Mwache mtoto asome. Amebakiwa na wiki kumi na tatu. Ukiandika tena, barua yako nitaipeleka polisi.

Mwalimu wa Taaluma


Karakana ya Milango na Madirisha
27 Agosti

Mwalimu,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Nikamwita dereva nikamwambia, "Njoo unipe pole, nimefiwa na mimi mwenyewe." Mara ya pili sikucheka. Mara ya tatu nilitoka nje nikakaa juu ya rundo la mbao, na kazi siku ile haikufanyika.

Mwandiko una maelezo yake. Mwaka jana mwezi wa tano msumeno wa umeme ulinichukua vidole vitatu vya mkono wa kulia. Nilikuwa karakana nyingine, si hii. Mwenye mali aliniambia pole na kwaheri kwa pumzi moja. Yule aliyenipakia garini kunipeleka hospitali ndiye aliyeondoka na simu. Nikabaki nawaza, nimwandikie nini mwanangu? Kwamba baba yake fundi hawezi tena kushika randa? Nikasema ngoja, nitamwandikia mkono wa kushoto ukishajifunza. Nao ni mvivu kweli! Miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kushikilia ubao mwenzake akifanya kazi. Nimeufundisha herufi kwenye vipande vya mbao kama mtoto wa chekechea. Barua ile unayotaka kuipeleka polisi ndiyo ya kwanza mkono huu kuiandika maishani.

Unataka ushahidi? Siku ya kumsajili, kiti cha wageni ofisini kwako kilikuwa kinacheza. Nilikunja karatasi nikaiweka chini ya mguu mmoja, ukasema, "Leo tumepata fundi wa bure." La pili, mwanangu mimi namwita Futi. Alipokuwa mdogo aliiba futi yangu ya kupimia akapima kila kitu mle ndani, akampima paka, akapima mkate, akapima na pua ya shangazi yake. Hakuna mwingine anayemwita hivyo. Usimuulize, utamshtua. Chungulia tu ndani ya jalada la daftari lake, huliandika hapo tangu darasa la kwanza.

Na mimi nina swali moja. Nani aliandika kwamba nimekufa?

Seremala


Ofisi ya Taaluma
6 Septemba

Baba Futi,

Nimechungulia. Lipo, kwa penseli, kwenye kila daftari. Na kiti nimekiinua, karatasi yako bado iko chini ya mguu. Nimekuita tapeli na wewe ni mzazi wa mwanafunzi wangu. Naomba radhi.

Aliyeandika ni mimi.

Nikueleze tangu mwanzo, si kwa kujitetea. Shule yetu haina fungu la kuandaa watoto kwa mitihani ya vyuo. Serikali inatupa chaki, mengine tujijue. Watoto wa shule kubwa wanafundishwa mwaka mzima namna ya kujibu mtihani ule. Wetu waliwahi kuingia kumi na wanane, akafaulu mmoja. Basi tukahangaika. Tulikodisha ukumbi kwa harusi, harusi ya tatu wakavunja vioo saba na bwana harusi akakimbia na viti vyetu sita. Tukalima mboga, mbuzi wa jirani wakafaidi kuliko sisi. Tukawaandikia waliosoma hapa zamani, watatu wakajibu, mmoja wao akiomba kazi. Wazazi wakachanga, lakini wazazi wenyewe unawajua, ni kama wewe, wanacho leo kesho hawana.

Ndipo akaja Mama Sabuni. Jina tumempa sisi, ni mwenye kiwanda cha sabuni. Akasema atalipia watoto wanane kila mwaka, lakini wawe wamefiwa na wazazi wote wawili, kwa kuwa yeye alikua hivyo. Watoto saba walikuwepo. Binti yako ndiye anayechora kuliko wote, na hakuwa na wa kumlipia. Nilimwita shangazi yake. Nikamuuliza habari zako, akasema kwa uchungu, "Mwaka mzima hata salamu! Huyo kwangu keshakufa." Nilijua ni hasira ya dada. Nikachukua kalamu nikaandika "marehemu", nikamsogezea, akatia sahihi bila miwani.

Sasa nakuomba jambo ambalo sistahili kuomba. Mtihani ni tarehe 17 na 18 Novemba. Ukitokea kabla ya hapo, Mama Sabuni atajua, na hatamwondoa Futi peke yake, atafunga darasa lote. Kaa kimya mpaka tarehe 18. Usipige hata simu ya ofisi, iko mezani kwa karani, na masikio ya karani wetu hayana likizo.

Mwalimu


Karakana ya Milango na Madirisha
19 Septemba

Mwalimu,

Siku mbili nilikuwa na hasira na wewe. Ningekuwa na mkono mzima ningepiga kitu. Mtu hazikwi kwa kalamu, mama, hata kama kanyamaza.

Siku ya tatu nikamfikiria Futi. Alipokuwa na miaka tisa alinichorea kabati. Si picha ya kabati, hapana, ramani: mbele, ubavuni, juu, na vipimo vyote. Nikalitengeneza kama alivyochora, na milango ikafunga. Mimi mwenyewe mpaka leo siwezi kuchora hivyo. Mtoto huyo akose chuo kwa sababu baba yake alichagua siku mbaya ya kufufuka?

Basi nitabaki marehemu. Ni kazi nyepesi, haina zana. Akiba yangu ibaki kwangu mpaka mwakani, atakapohitaji nauli na vitu vya chuo.

Lakini nihakikishie moja. Futi anajua kwamba hilo ni neno la fomu tu, sivyo? Ulimweleza?

Seremala


Ofisi ya Taaluma
2 Oktoba

Baba Futi,

Barua yako ilipofika ningekujibu "ndiyo" siku hiyohiyo. Nilidhani anajua. Mwezi wa nne nilimwita ofisini atie sahihi yake chini ya ile ya shangazi. Aliisoma fomu, akalishika lile neno kwa kidole, kalamu ikakaa kidogo, kisha akatia sahihi. Akasema, "Ahsante, Mwalimu." Nilikusudia kumwambia kwamba ni neno la fomu tu. Kengele ikalia, wakaingia wazazi wengine, na kwa kuwa hakuuliza, nikasema moyoni, huyu mtoto mwerevu, kaelewa.

Wiki iliyopita niliwapa insha ya mazoezi: "Jengo ambalo ningependa kulijenga." Yake ninainakili hapa, kidogo tu:

"Ningejenga nyumba yenye karakana chini na dirisha kubwa upande wa mwanga, kwa sababu baba alikuwa akilalamika kwamba anafanya kazi gizani. Hataitumia. Nilijua amefariki siku nilipoona imeandikwa mezani kwa Mwalimu. Sikulia mbele yake. Niliona ameshindwa kunitamkia, nikamhurumia."

Baba Futi, alinihurumia mimi. Miezi sita mtoto anakulilia bwenini, na kila asubuhi ananisalimia kwa adabu. Matroni anasema aliwahi kumkuta ameketi bafuni na nguo zake, maji yakimwagika, akasema kichwa kinamuuma. Kwa shangazi yake hajauliza neno, akichelea kumtonesha. Sijui niliwezaje kuwa mwalimu miaka ishirini na miwili nisione hilo.

Nimesimama mlangoni pa bweni mara mbili nimwambie. Mara zote mbili nimerudi. Bado wiki sita na siku kadhaa. Akijua, je, atakaa atulie achore? Je, atanyamaza mbele ya Mama Sabuni anayekuja kila mwisho wa mwezi kuwashika watoto mikono? Wewe ndiye mzazi. Sema neno, nitalifanya, hata kama ni leo.

Mwalimu


13 Oktoba

Mwalimu,

Leo namwandikisha dereva. Mkono wa kushoto umegoma, unadai nao haujawahi kupewa mapumziko.

Nimesomewa insha. Nilimwambia dereva arudie pale pa dirisha. Kweli nilikuwa nalalamika. Kumbe alikuwa akisikia.

Usimwambie. Nimewaza sana, na sikuwaza peke yangu, dereva naye ameniambia mimi ni mjinga. Lakini mimi ninamjua Futi. Uchungu ameshauzoea, anachora nao. Ukimpa furaha hii sasa hivi itamtetemesha mkono, atataka kuja, atakosa Jumamosi moja, kisha mbili. Na wale wenzake saba wamekosa nini? Wao wamefiwa kweli. Nimekuwa marehemu tangu mwezi wa nne, mwezi mmoja zaidi hautaniua. Akitoka tu chumba cha mtihani, hata kabla hajanywa maji, mwambie. Mwambie baba aliogopa kumwandikia kwa mkono mbaya. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine, asije akatafuta nyingine.

Katika kifurushi kuna rula. Nimeitengeneza mwezi uliopita, kwa mkono wa kushoto mwanzo mpaka mwisho, kupiga randa, kupima, kuchonga mistari. Siku kumi na moja! Zamani ningetengeneza kumi kabla ya saa sita. Mpe kama kitu cha shule. Usiseme imetoka kwa nani. Nataka tu niwe nimeingia naye kwenye mtihani.

Seremala

(Nimeandika kama alivyosema. Mengine amenikataza kuandika. Dereva.)


Ofisi ya Taaluma
26 Oktoba

Baba Futi,

Rula imefika salama. Nilimpa siku hiyohiyo, nikamwambia imetoka stoo. Ameipenda. Anaitumia kila siku, haiachi hata akienda maktaba.

Kwenye jaribio la mwisho amekuwa wa kwanza katika wale wanane. Walimu wa ziada wanasema ngazi anazochora mtu anaweza kuzipanda. Mama Sabuni alikuja, akatazama michoro, akamuuliza baba yake alikuwa akifanya kazi gani. Akajibu, "Seremala." Kisha akaendelea kuchora.

Dereva ameandika maneno machache mwishoni ambayo hayajanipendeza. Kuna nini? Mkono wa kushoto umepona? Nijibu mwenyewe, hata mstari mmoja, nimeanza kuuzoea mwandiko wa kuku.

Mwalimu


Hospitali ya Wilaya, Wodi ya Wanaume
8 Novemba

Kwa Mwalimu,

Mimi dereva. Naandika bila yeye kujua, amelala.

Vidole havikuwa vitatu tu. Rafiki yangu ana kisukari, kidonda hakikupona tangu mwaka jana, alikuwa anakifunga kitambaa anaingia kazini. Mwezi wa kumi mwanzoni kilichacha. Barua ile ya rula alinisemesha akiwa kitandani hapahapa. Wamemkata mkono mpaka kiwiko, wakadhani watakiwahi, lakini sumu imepanda. Akiba yake yote imeliwa na dawa, hilo ndilo linalomtoa machozi, mkono hata hauulizii.

Barua yako ya mwisho nimemsomea mara nyingi. Pale pa rula huniambia nirudie. Akishasikia hulala.

Jana daktari ameniuliza kama ana jamaa. Nilimjibu anaye mtoto, ila kwa mtoto huyo ameshakufa. Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa.

Mwalimu, mimi si msomi. Toka kwenu mpaka hapa ni siku moja kwa basi. Najua habari ya mtihani, najua alivyosema yeye. Lakini angekuwa baba yangu ningetaka kuambiwa. Bado anaongea vizuri. Mlete.

Dereva wa lori la mbao


Ofisi ya Taaluma
18 Novemba

Baba Futi,

Nimemwambia. Saa tisa alasiri, mlangoni pa chumba cha mtihani, kabla hajanywa maji, kama ulivyotaka.

Hakupiga kelele. Alikaa chini palepale kwenye ngazi na ubao wake wa kuchorea mapajani. Aliuliza, "Anaweza kuongea?" Nikasema dereva anasema anaweza. Akasema, "Twende." Basi ni la kesho asubuhi na tiketi tunazo, na shangazi yake tunamchukua njiani. Barua hii nitaitia posta sasa hivi. Itafika baada yetu, najua, lakini yamo mambo mawili ambayo siwezi kukwambia yeye akiwa amekaa kando ya kitanda chako.

La kwanza, barua ya dereva niliipata tarehe 14. Niliiweka ndani ya droo, nikaweka juu yake rejesta ya mahudhurio. Siku nne nimefungua droo ile na kuifunga. Nilijiambia nafuata amri yako. Huo ni uongo. Niliogopa darasa lingefungwa, niliogopa kujulikana.

La pili ni rula. Nilimpa, hilo kweli. Akaiweka juu ya karatasi, akapiga mstari mmoja, akaigeuza akapiga mwingine juu yake. Mistari haikulala pamoja. Akasema, "Mwalimu, hii imepinda, huku mwishoni. Nikiichorea nitakosa alama. Kuna nyingine?" Alikuwa amesema kweli. Nikampa ya plastiki. Ile yako nikairudisha kwenye sanduku la vifaa vya darasa, nikakuandikia kwamba haiachi. Mtihani ameufanya kwa rula ya plastiki.

Nisamehe kwa lolote kati ya hayo utakaloweza. Kesho utamwona. Amekuwa mrefu kukuzidi, nadhani.

Mwalimu


Chuo, Bweni la Wasichana
29 Machi

Mwalimu,

Shikamoo.

Matokeo umeshayaona ubaoni. Nimepata nafasi, na wenzangu watano kati ya wale saba nao wamepata. Masomo yameanza. Chumba chetu ni cha watu wanne, dirisha lake linafunguka nusu, na mimi ninalala karibu nalo.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu kila nilipoanza nilikuwa nakutukana, kisha nachana. Bado nina hasira na wewe. Nakwambia mwenyewe ili usije ukaisikia kwa watu.

Barua yako ya tarehe 18 ninayo. Ilifika siku ya tatu baada ya mazishi, wewe ulikuwa umesharudi shuleni. Dereva aliniletea nyumbani kwake, akasema, "Hii ni ya baba yako, sasa ni yako." Nimesoma zote, zako alikuwa amezifunga kwa kamba chini ya mto, na zake ulinipa wewe. Nimehesabu, Mwalimu. Unajua mimi nahesabu kila kitu. Kama ungeniambia tarehe 14, ningesafiri tarehe 15, ningekaa naye jioni ile, ningerudi tarehe 16, na tarehe 17 ningeingia kwenye mtihani. Ingewezekana. Alifariki tarehe 17 asubuhi, mimi nikiwa nachora ngazi za swali la pili. Unakumbuka tulivyoingia wodini, shangazi na mfuko wa machungwa, na kitanda kimeshatandikwa shuka jipya.

Watu walisema sina machozi. Shangazi alilia kwa sauti mpaka akashikwa, mimi nilisimama tu. Sikujua niwaeleze vipi kwamba nilishamaliza. Nilimlilia miezi saba, bafuni, mkono mdomoni, na wakati wote huo alikuwa hai anajifunza kuandika herufi kwenye vipande vya mbao. Alipokufa kweli sikuwa na kitu cha kumpa.

Nilikwenda kwa Mama Sabuni. Usishtuke, sikukuchongea, nilimpa barua zote asome mwenyewe. Alisoma muda mrefu, miwani anaivua anaivaa. Nikamngoja anifukuze. Akasema, "Lile sharti nililiweka kwa sababu ya historia yangu tu. Mwalimu wenu angeniuliza hata mara moja, ningemwambia mlete." Kisha akasema, "Hakuniuliza." Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, na nimeona na wewe ulijue. Mwaka huu ataendelea, na sharti amelifuta. Lakini mimi na wale watano tumekubaliana, tusimtegemee yeye peke yake. Kila likizo mmoja wetu atakuja kufundisha Jumamosi bila malipo, na atakayefuata baada yetu hivyohivyo. Nyinyi mlipe karatasi na ada ya mtihani kwa fedha ya ukumbi, na msikodishe tena kwa harusi, kodisheni kwa mikutano. Fomu iulize mtoto anataka kusoma nini na amekwama wapi. Isiulize nani amekufa.

Wiki iliyopita nilipita shuleni. Ulikuwa kwenye mkutano, na sikukungoja makusudi. Nilikwenda darasani kwenye lile sanduku la vifaa, nikalitoa lote mezani, bikari, penseli, vifutio. Rula ya baba haikuwemo. Nikapita dawati hadi dawati, nikamkuta binti mmoja wa mwaka wa pili anapigia mistari pembezoni mwa daftari. Mbao nyepesi, mistari imechongwa kwa ncha ya kisu, namba zinaegemea kushoto kama za mtoto wa chekechea. Nilikuwa nimeishika mkononi siku ile, Mwalimu, nikaigeuza, na sikuona kitu ila kasoro.

Nilimwomba tubadilishane, nikampa yangu ya plastiki, mpya kabisa. Aliishika, akanitazama kwa huruma akaona nimepunjika.

"Dada," akasema, "hiyo imepinda."

Nikamwambia najua.

Futi